Chai ya Kijani na Mdomo wa Kambo Ilunga

Kuna asubuhi moja ambayo, hata nikiwa peke yangu chumbani, ikinijia ninafunika uso kwa kiganja. Nitakusimulia, mwanangu, lakini kwanza cheka umalize, maana najua umeshashangaa. Mimi bado naenda masomoni, bado mwalimu wa hesabu ananisimamisha mbele ya wenzangu kwa sababu ya mdomo wangu, halafu nakuita mwanangu. Nina haki hiyo. Nilipozaliwa nilipewa jina la Ngoie, jina la mama mzazi wa kambo wangu, yaani babu yangu. Na kwetu Kolwezi mtoto akibeba jina la mtu, anabeba na cheo chake. Kwa hiyo Kambo Ilunga, mzee wa mvi aliyeendesha treni za madini mpaka kazi ilipokufa, aliniita Mama tangu siku nilizokuwa nafungwa nepi. Mimi nikamwita mutoto yangu. Mke wake, Mama Mwadi, akawa mkwe wangu, na nilimwambia wazi mbele ya wageni kwamba bukari yake, yaani ugali, ina madonge na mwanangu anakonda.

Watu wa barabara yetu walitupenda kwa hilo. Jioni walileta viti vyao karibu na uzio wetu kama watu waliokuja kusikiliza redio. Kambo alijua kuiga kila mtu: padri akipiga chafya katikati ya mahubiri, mama wa sokoni akikataa kupunguza bei, na zaidi ya wote yule bwana wa kampuni ya madini aliyekuwa anapita na kipaza sauti kututangazia kwamba tutahamishwa. Bwana yule alisema kwa upande mmoja wa mdomo, kana kwamba upande wa pili ana kiazi cha moto. Kambo aliuvuta mdomo wake mpaka karibu na sikio, akatangaza: "Wakaaji bote ya hii barabara, mupange bitu yenu!" Tulikufa kwa kicheko. Ukumbuke huo mdomo uliovutwa, mwanangu, ndio ulionifanya kipofu.

Wakati huo Kasulo, mtaa wetu, ilikuwa inaanguka chini ya miguu yetu. Watu walichimba kobalti ndani ya vyumba vyao, chini ya vitanda, chini ya majiko, na mashimo yakaenda kukutana huko chini kama mizizi. Ukuta wetu ulikuwa na ufa ambao mkono wangu uliingia. Kampuni ilipoichukua sehemu yetu, nyumba zilipigwa alama ya rangi nyekundu, tukaambiwa tungoje siku ya kutolewa. Katika kungoja huko, choo chetu kikatumbukia. Shimo la jirani yetu, Tata Kasongo, lilikuwa limepita chini yake. Alasiri moja tulisikia ardhi ikipumua, tukatoka, tukakuta choo hakipo: mlango, bati, saruji, vyote chini. Hakukuwa na mtu ndani, Mungu asifiwe. Masomoni nilitangaza kwamba choo chetu kimeamua kwenda kuchimba kama wenzake.

Lakini nani angechimba choo kipya kwenye nyumba itakayobomolewa? Tata Kasongo, kwa aibu yake, alitufungulia cha kwake, ng'ambo ya barabara. Kila haja, ndogo kwa kubwa, ikawa safari: unachukua birika la maji, unavuka, unawasalimia waliokaa nje, na wao wanajua unakwenda wapi. Mimi sikujali. Nilivuka nikiimba. Kambo alijali, na hapo ndipo mambo yote yalipoharibika.

Kambo alikuwa na tansio, presha ya damu. Muuguzi wa kituo cha afya, Mama Zaina, alikuwa amempa dawa, na kimoja kati ya vidonge hivyo kilikuwa kinatoa maji mwilini. Akikimeza asubuhi, hakai. Anavuka barabara na birika, anarudi, hajakaa vizuri kwenye kiti anainuka tena. Vijana wachimbaji waliokuwa wakinywa uji pale ukutani wakaanza: "Kambo, tena? Uko na kazi kule?" Mwanzo Kambo aliwajibu na wakacheka pamoja. Baadaye akawa anavuka akiangalia chini. Mzee aliyekuwa anapitisha treni nzima ya madini mbele za watu, leo anapitisha birika la plastiki.

Mchana alikuwa analinda lango la depo moja ya wanunuzi wa madini kutoka China. Mpishi wa pale, mzee kama yeye, alimpenda kwa sababu ya uigaji wake, akampa kopo la chai ya kijani. Majani makavu yaliyojikunja, hayawekwi sukari wala maziwa, na ladha yake ni kama mtu amechemsha ufagio. Kambo alimwona mpishi yule akibeba mtungi wa gesi begani bila kuhema, akafikiri amepata siri. Siku moja akaniita nyuma ya nyumba.

"Mama," akasema, "angalia hii. Bachina banakunywa hii tu, asubuhi na magaribi. Unaona yule mupishi? Tansio haimujue."

"Mutoto yangu, hii inanuka majani ya mbuzi."

"Weye uko na telefone. Uliza kule kama ni kweli. Kama ni kweli, ile dawa nitaacha."

Nikauliza. Nikasoma maneno ya watu waliosomea hayo, kwamba imeonekana wanaokunywa chai ya kijani kila siku wanapigwa na kiharusi mara chache kuliko wasiokunywa. Ndiyo, iliandikwa hivyo, sikubuni. Chini yake kulikuwa na maneno mengine mengi, na simu ilikuwa inakaribia kuzimika, na mimi nilikuwa nimeshapata nilichotaka. Nilisimama nikaweka mikono kiunoni kama mama mzazi wa mtu:

"Mutoto yangu, ni kweli! Inasafisha mishipa. Kunywa chai yako, na ile dawa yenye inakukimbiza ku choo ya batu, achana nayo."

Kambo alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka, akaniangalia. "Weye mwenyewe njo umesema, Mama. Mi niko mutoto, minasikia tu."

Akanifunga mdomo nisimwambie Mama Mwadi. Hakutaka mkewe ajue kwamba mzee ameacha dawa kwa sababu ya aibu ya birika. Basi kila asubuhi Mama Mwadi alimpa vidonge, Kambo akavificha chini ya ulimi, akaja nyuma ya nyumba kuvitema, na mimi nikamkabidhi kikombe cha chai nikiinama kama mhudumu wa hoteli. Alivitema vyote, hata vile visivyokuwa na kosa lolote. Akaacha kuvuka barabara hovyo, akarudi kukaa kwenye kiti chake kama chifu. Niliona nimemponya. Nilijisifu moyoni, sikufichi.

Ndipo ikafika siku ya mkutano. Watu wa kampuni walikuwa wanakuja kwenye uwanja wa kanisa kutusikiliza, na barabara yetu nzima ilikuwa na ombi moja: watuache mpaka wanafunzi wamalize mitihani, halafu tutatoka bila kelele. Wazazi walimchagua Kambo aseme. Alikuwa haogopi mtu, na alijua kumfanya adui acheke kabla ya kumwomba kitu.

Asubuhi hiyo nilimpelekea chai kama kawaida. Akapokea kikombe kwa mkono wa kulia, kikombe kikainama taratibu, chai ikamwagikia suruali yake safi, na yeye hakushtuka. Akainua uso. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Akasema, "Wa... wakaa... ba..." na mate yakatoka.

Mwanangu, nilipiga makofi.

"Mutoto yangu, leo umemuweza kabisa yule wa kipaza sauti! Hata mate? Lakini usimwage chai, haitoke hapa ku Kasaji, inatoka mbali."

Akajaribu tena. Nikacheka zaidi. Aliniangalia, na macho yake hayakuwa na mchezo hata kidogo. Yalikuwa macho ya mtu anayegonga mlango. Niliyaona. Hilo ndilo linalonifunika uso mpaka leo. Nisingeyaona ningejisamehe. Niliyaona, na nikaona ni kazi ngumu kuacha kucheka wakati nilikuwa nimeshaanza vizuri. Mama Mwadi alikuwa ameshampa vidonge na kutangulia uwanjani, kwa hiyo nikamwacha Kambo abadili suruali mwenyewe, nikakimbia mbele kuwaambia wenzangu: "Njooni mbele, Kambo leo atatuua."

Alikuja akiburuta mguu. Watu walidhani ni uzee na uzito wa siku. Walipomwita asimame, alisimama akishika bega la Tata Kasongo, akafungua mdomo ule uliopinda, na yakatoka maneno yasiyokuwa maneno.

Watu waliangalia wapi? Waliniangalia mimi. Kwa mazoea tu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nafungua kicheko cha Kambo kila jioni. Na mimi nikakifungua. Nikacheka kwa nguvu, na barabara nzima ikanifuata, wamama, watoto, vijana wa uji, hata yule bwana wa kipaza sauti, ambaye alitikisa kichwa kama mtu mwungwana anayejua kutaniwa. Kambo aliinua mkono wa kushoto kuomba watu wanyamaze. Wakapiga miluzi. Akaangukia benchi, na benchi likaanguka naye.

Mama Mwadi alikuwa wa kwanza kupiga kelele. Kicheko kilimkatika kila mtu kwa wakati wake. Wa nyuma walikuwa bado wanacheka wa mbele walipokuwa wanalia. Watu wa kampuni walikusanya makaratasi yao, wakasema tutaonana siku nyingine. Ombi letu halikusemwa.

Tata Kasongo alimpakia Kambo kwenye pikipiki ya kijana mmoja, akamkumbatia kwa nyuma asianguke, na sisi tukafuata mbio. Kituo cha afya kilikuwa na kitanda kimoja karibu na mlango, wakamlaza pale. Mama Zaina alimfunga kitambaa cha kupimia tansio, akatazama, akapima tena mkono wa pili, akakunja uso.

"Ilianza saa gani?" akauliza.

"Sasa hivi, ku mukutano," akasema Mama Mwadi. "Alikuwa muzima."

"Dawa anakunywa?"

"Kila siku. Mi mwenyewe ninamupatiaka, ananywa mbele yangu."

"Kama anakunywa kila siku na tansio iko hivi, basi ile dawa haimusaidie tena. Itabidi nipange ingine kabisa." Akaanza kuandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa.

Kambo alikuwa anasikia kila kitu. Mdomo ulikuwa umekufa upande mmoja lakini masikio yalikuwa mazima. Jicho lake likanitafuta, na mkono wa kushoto ukanikamata sketi. Nilielewa. Mlango ulikuwa wazi, nusu ya barabara yetu ilikuwa imejazana pale, vijana wa uji wakiwa mbele kabisa. Alikuwa ananiomba nisiseme. Afe na kiharusi, lakini wasijue kwamba alitema dawa kwa kuogopa birika.

Na mimi, mwanangu, nilifurahi kwamba ananikataza. Ilikuwa siri yake, lakini ilikuwa inanifunika na mimi. Kalamu ya Mama Zaina ilikuwa inakwenda, na inaandika uongo, na kwa uongo huo hospitali watamtibu mgonjwa mwingine asiye kambo wangu. Nilinyamaza mpaka akafika kukunja barua.

"Mama Zaina," nikasema. "Hakunywe."

"Nani hakunywe nini?"

"Kambo. Dawa hakunywe. Anatema. Anakunywa chai ya bachina. Choo yetu ilianguka, na ile dawa inamukojolesha, na batu banamucheka akivuka barabara." Sauti yangu ilikuwa inatoka juu sana, kama ya mtoto mdogo. "Mi njo nilimuambia aache. Na haikuanza ku mukutano. Ilianza asubuhi. Niliona mudomo, nikazani anacheza. Nikacheka."

Mkono wa Kambo ukaachia sketi yangu. Akageuza uso ukutani.

Pale mlangoni kijana mmoja wa uji akavua kofia. Mama Mwadi aliniangalia. Alisema kwa sauti ndogo: "Weye ulikuwa karibu na mudomo yake kuliko mi."

Mama Zaina alichana barua akaandika nyingine. Wakati anaandika alisema, bila kuniangalia, na nilitamani anipige: "Chai haina kosa. Hata mi minakunywa. Pengine inasaidia mishipa kidogo, kwa mutu mwenye anakunywa siku mingi. Lakini chai haishushe tansio ya mutu mugonjwa kama dawa. Bilikuwa bya kunywa byote mbili. Na juu ya choo," hapo ndipo aliponiangalia, "juu ya nini hamukukuja kuniambia? Ningemubadirishia kidonge. Ni kitu ya dakika moja."

Kitu cha dakika moja.

Kambo hakufa. Alikaa hospitali, na sisi tulihamishwa akiwa bado kule, kabla ya mitihani. Nilibeba kiti chake kichwani mpaka kwenye lori, na hakuna aliyenitania. Alipotoka alikuja kwenye nyumba asiyoijua, ya mabati mapya, mbali na watu wake wa uzio. Nilimlisha uji kwa kijiko, nikimfuta kidevu, na yeye akiniruhusu kama mtu anayeruhusu mvua. Hakuniita Mama.

Maneno yalipoanza kurudi, yalirudi moja moja, kama watu wanaotoka shimoni. Siku moja nilikuwa namkanda vidole vya mkono wa kulia, vile alivyotufundisha Mama Zaina, na nikajaribu mzaha. Nikasema, "Mutoto yangu, huu mukono ni muvivu, nitaukatia chakula." Kisha akasema, polepole, kila neno akilitafuta:

"Siku ile... nilikuambia nitaacha dawa. Ukaitika. Mbio mbio." Akapumzika. "Mama yangu... mwenye jina yako... hakukuwa anaitika hivyo. Alikuwa anakatala. Anakatala mpaka unamuchukia." Akapumzika tena. "Mi nilikuwa natafuta mutu wa kunikatalia."

Nikaendelea kukanda vidole kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuangalia. Hakunitukana. Angenitukana ingeisha siku hiyohiyo.

Sasa nakupa nasaha zangu, mwanangu, na unisikilize ingawa unanijua. Chai ya kijani unywe, na wazee wako wanywe kama wanaipenda. Sikatai ile habari niliyosoma. Lakini usome mpaka mwisho, hata simu ikizimika uiwashe kesho. Kitu kinachowasaidia watu kwa jumla si dawa ya mgonjwa wako mmoja, na dawa aliyopewa na muuguzi haiachwi kwa ushauri wa mtoto mwenye mdomo mwepesi. Kama inamkimbiza chooni, kama inamtia kizunguzungu, kama inamletea aibu yoyote ile, peleka hiyo aibu kwa muuguzi, yeye amesikia kubwa zaidi. Na wewe unayewaona vijana wakimcheka mzee anayevuka barabara na birika, mbebee birika.

Na uujue mdomo wa mzee wako. Ukiona umevutwa upande, mkono unaachia kikombe, maneno yanatoka yamekatika, usingoje kujua kama anacheza. Mwambie, "Inua mikono yote miwili," na kama mmoja unabaki chini, piga kelele, tafuta pikipiki, na ukumbuke vilianza saa gani, kwa sababu utaulizwa. Kama alikuwa anacheza, mtacheka wote baadaye, na kicheko hicho hakina hasara. Akikuomba umfichie kitu kinachomuua, mkatalie. Mkatalie mpaka akuchukie.

Utani sijauacha, na wewe usiuache. Kambo sasa anamwiga daktari wa hospitali kubwa, kwa nusu ya mdomo, na anamwiga vizuri. Ila mimi siku hizi namwangalia machoni kwanza, halafu ndipo nacheka.

Basi nenda, mwanangu. Wazee wako wakae na wewe miaka mingi, damu yao itembee kwa utulivu, na ulimi wao usikosee njia. Wewe Mungu akujalie jicho linalofika mbele ya kicheko chako, na nyumba usimofukuzwa, na siku ukibeba jina la mtu mkubwa, ulibebe pamoja na uzito wake. Amina.